Mpishi Aliyepoteza Hamu



Mwezi uliopita mama mmoja katika jumuiya yetu alitupigia simu usiku, naye akazungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri sana kabla ya kusema. Alitaka kujua kama miongoni mwetu sisi waandishi wa jarida hili yupo aliyeitazama filamu iitwayo The Menu, yaani Orodha ya Vyakula. Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa ameitazama mara saba au nane, peke yake, mlango umefungwa, kama mtu anayedurusu somo la mtihani.

Tulipouliza ubaya wake ni nini, ndipo habari kamili ilipotoka. Kijana huyo anajifunza upishi. Alikuwa amekubaliwa katika mkahawa mmoja wa fahari hapa mjini, ambao hatutautaja, na kwa wiki 6 alifanya kazi humo tangu asubuhi hata usiku wa manane pasipo kulipwa hata senti, kwa kuambiwa kwamba huko ni kujaribiwa tu na kwamba wapo vijana mia wanaoingoja nafasi yake. Alirudi nyumbani mikono ikiwa na malengelenge, akawa haketi mezani na wenziwe, na kila sahani aliyoandaliwa na mamake aliizungusha na kuitazama pande zote kabla ya kuitia mkono. Mama alikwisha kuamua kwamba mkosaji ni filamu. Tulimwambia asimpokonye mwanawe kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona, na tukaahidi kuitazama kwa niaba yake.

Tulikutana Jumamosi baada ya sala ya Isha, watu wanane, katika nyumba ya mmoja wetu mwenye televisheni kubwa. Tulikuwa na chupa mbili za chai ya tangawizi na sinia la visheti, jambo ambalo baadaye lilitutia haya kidogo, kwani si rahisi kutafuna huku ukiyatazama mambo yale. Miongoni mwetu alikuwamo mzee wetu mmoja aliyefanya kazi katika majiko ya hoteli za nchi hii kwa miaka 26, akianzia kuosha masufuria na kumalizia kukata nyama. Yeye tulimwomba aje makusudi. Alikuja na miwani yake, akaketi kwenye kiti cha pembeni, na kwa muda mrefu hakunena neno.

Kwanza habari za filamu yenyewe, kwa wasioijua. Ilitolewa mwezi wa Novemba mwaka 2022. Mwongozaji wake ni Mark Mylod, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa kazi yake katika mchezo wa televisheni uitwao Succession, na waliouandika mchezo ni Wamarekani wawili, Seth Reiss na Will Tracy, ambao kabla ya hapo walifanya kazi katika The Onion, gazeti la kejeli. Fikra yenyewe ilimjia Tracy alipokuwa safarini Norwei. Alipelekwa kwa mashua kwenye mkahawa uliojengwa juu ya kisiwa kidogo karibu na mji wa Bergen, akaiona mashua inaondoka, akatambua kwamba hawezi kutoka hapo mpaka chakula chote kiishe. Hakupatwa na lolote, alikula akarudi. Lakini ile hofu ndogo ya mgeni asiyeweza kuaga ndiyo mbegu iliyoota ikawa filamu nzima.

Hadithi inaanza gatini. Wageni wanapanda mashua kwenda kisiwani, kwenye mkahawa uitwao Hawthorn, ambako kula kwa usiku mmoja ni dola 1,250 kwa mtu. Ukimhesabu na ajuza mmoja mlevi aliyekwisha kuketishwa pembeni, ambaye baadaye tunajulishwa kwamba ndiye mama mzazi wa mpishi, jumla yao ni watu 12. Yumo mhakiki wa vyakula ambaye kalamu yake imekwisha kuifunga mikahawa ya watu, pamoja na mhariri wake anayeitikia kila asemalo. Yumo tajiri wa makamo na mkewe, waliokwisha kula hapo mara kumi na moja. Wamo vijana watatu wa kazi za fedha, wenye makelele, ambao bwana wao ndiye mwenye mtaji wa mkahawa. Yumo mwigizaji aliyechuja na msaidizi wake wa kike. Na yumo Tyler, kijana ambaye hana lingine duniani ila chakula, amefuatana na mwanamke aitwaye Margot, ambaye jina lake halimo katika orodha ya walioalikwa.

Mpishi mkuu ni Julian Slowik, na anayemwigiza ni Ralph Fiennes. Wale waliomwona Fiennes katika filamu nyingine watajua jinsi mtu huyu awezavyo kutisha pasipo kuinua sauti. Kila anapotaka kusema hupiga kofi moja, na wapishi wake wote, wake kwa waume, husimama wima na kuitikia kwa pamoja, "Naam, Mpishi!" kama askari kwenye gwaride. Wanalala pamoja katika bweni moja lenye vitanda vilivyopangwa sawasawa, wanaamka alfajiri, hawana nyumba wala siku ya mapumziko. Hapo ndipo mzee wetu alipojikohoza kwa mara ya kwanza.

Tungependa kutua kidogo kwenye chakula chenyewe, maana ndicho kiini cha mambo. Kozi ya kwanza ni jiwe lililopambwa majani ya kisiwani na maji ya bahari yaliyogandishwa, na juu yake kombe mmoja. Mpishi anawaomba wageni wasile, bali waonje. Kozi ya pili ni sahani ya mkate isiyo na mkate. Slowik anaeleza kwa utaratibu kwamba mkate tangu zamani ni chakula cha mnyonge, na kwa kuwa wageni wake si wanyonge, usiku huu hawatapewa mkate. Watapewa vitoweleo vyake tu, matone matone juu ya sahani. Wale vijana wa fedha wanaagiza waletewe mkate, wanataja jina la bwana wao, wanakataliwa kwa adabu. Mhakiki, badala ya kujiuliza kwa nini ananyimwa chakula alichokilipia, anausifu ubunifu, kisha anatia ila kwamba mojawapo ya vitoweleo kimekatika, kama tui linavyokatika likipata moto mwingi. Papo hapo analetewa bakuli kubwa la kitoweleo hichohicho kilichokatika, liwekwe mbele yake akitazame vizuri.

Sebuleni tulicheka sana. Dada mmoja kati yetu akasema kwamba sisi tumefunzwa kuwa Mtume wetu (SAW) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Mwingine akamjibu kwamba hilo ni kweli, lakini angefika harusini kwetu wiki iliyopita angesikia yaliyosemwa juu ya biriani. Tukacheka tena. Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho kwa muda.

Kozi ya tatu inaitwa Kumbukumbu. Slowik anasimulia kwamba alipokuwa mtoto babake alirudi nyumbani amelewa, akaanza kumkaba mamake kwa waya wa simu, naye akamchoma baba mkasi wa paja. Kisha wageni wanaletewa paja la kuku lililochomekwa mkasi mdogo, pamoja na mikate myembamba ya Kimeksiko, mfano wa chapati zetu, ambayo juu yake zimechorwa picha kwa miale ya mashine. Kila mgeni anaona siri yake imeokwa: hawa wanaona hesabu zao za wizi, yule tajiri anaonyeshwa akiwa na mwanamke asiye mkewe, mhakiki anaiona mikahawa aliyoifunga. Wageni wanaanza kutazamana. Wanapotaka kuondoka, mashua haipo. Katika kozi ya nne kijana mmoja mpishi, msaidizi hodari, anaitwa mbele ya watu, anaambiwa kwa upole kwamba ni mzuri lakini si mkubwa na hatakuwa mkubwa kamwe, anaulizwa kama anayataka maisha haya, na anajiua mbele ya wageni. Wengi wa wageni wanapiga moyo konde wakiamini kwamba ni mchezo ulioandaliwa ili kuwatia msisimko. Wanaletewa chakula. Baadhi yao wanaonja.

Wazazi wasomao haya watambue basi kwamba filamu hii si ya watoto. Hapa Uingereza imeruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na sisi tungesema hata huyo wa 15 asiachwe peke yake. Yamo matusi, umo mvinyo katika kila kozi, imo damu, na mara mbili mtu anajitoa uhai. Ajabu ni kwamba waandalizi wa tuzo za Golden Globe waliiweka katika fungu la vichekesho, wakawateua humo Fiennes na Anya Taylor-Joy, binti aliyemwigiza Margot.

Tulibishana juu ya neno. Hali ile ya Slowik na ya Tyler tuiteje kwa Kiswahili? Mmoja alipendekeza ashiki, lakini ashiki ina utamu, nayo humwelekea mtu. Mwingine akasema wasiwasi, kwa maana yake ya asili, ule wa mtu anayetawadha mara ya tano kwa kuwa ana shaka na ya nne. Hilo lilikaribia. Mzee wetu aliyekuwa kimya akasema, "Huyo amekamatwa." Hatukupata lililo bora kuliko hilo. Tyler amekamatwa na chakula hata haoni kitu kingine. Watu wanakufa mbele yake, naye anapiga picha sahani, ingawa wamekatazwa kupiga picha, na analia machozi kwa utamu wa mchuzi. Baadaye inafichuka jambo ambalo lilitugandisha: alijua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayetoka kisiwani akiwa hai, lakini kwa kuwa mkahawa haumpokei mtu mmoja peke yake, na mchumba wake alikuwa amemwacha, alimkodi Margot kwa pesa ili apate kiti. Alimnunulia mtu kifo ili yeye aonje.

Slowik anamwadhibu kwa njia ambayo hatutaisahau. Anamvika koti la mpishi, anamsimamisha jikoni, na kumwambia apike. Huyu anayejua majina ya vyombo vyote, anayejua kila kiungo na kila mbinu, anakata vitunguu vibaya, anatia siagi, anatetemeka, anatoa kipande cha nyama ya kondoo ambacho ndani hakijaiva. Wapishi wote wamemzunguka wanamtazama. Mpishi anaonja, anatema, kisha anamnong'oneza kitu sikioni ambacho sisi watazamaji hatukisikii, na kijana anaondoka kwenda kujinyonga.

Tuliisimamisha filamu hapo ili watu wapate chai. Kusema kweli tulihitaji kuwasha taa.

Ni katika mapumziko hayo ndipo mzee wetu alipoanza kuzungumza. Alisema kwamba bweni lile hakulala, lakini "Naam, Mpishi" aliisema kwa miaka 26, na mpaka leo akiitwa kwa ghafla na mkewe hushtuka akasimama. Alisema alimwona mpishi mkuu mmoja akimtupia kijana sufuria la mchuzi wa moto kwa sababu ya chumvi, na kijana akaomba radhi. Alisema kwamba wenye majiko yale hawakuwa watu wabaya wote. Wengi walikuwa wanaogopa. Tukamuuliza wakiogopa nini. Akajibu, "Mtu aje ale, asipende, akaandike."

Jambo hilo lina historia ndefu kuliko filamu. Katika mwezi wa Aprili mwaka 1671, François Vatel, msimamizi wa karamu za mwana wa mfalme katika jumba la Chantilly huko Ufaransa, aliandaa mapokezi ya Mfalme Louis wa 14 na watu wake. Asubuhi samaki walichelewa kufika. Vatel aliamini kwamba ameaibika milele, akapanda chumbani kwake akajiua kwa upanga, na samaki wakawasili baada ya hapo. Tumepata kuusikia mkasa huo ukisimuliwa kama kisa cha bidii ya kazi, na hatujui bidii gani hiyo. Karne tatu na zaidi baadaye, tarehe 24 Februari 2003, Bernard Loiseau, mmoja wa wapishi mashuhuri kabisa wa Ufaransa, alijipiga risasi nyumbani kwake Saulieu. Kitabu kimoja cha kutathmini mikahawa kilikuwa kimempunguzia alama kutoka 19 hadi 17 kati ya 20, na magazetini ulikuwapo uvumi kwamba angepoteza nyota yake ya tatu ya Michelin. Hakuipoteza. Alikuwa na maradhi ya huzuni kwa muda mrefu, na si haki kusema kwamba ni alama zilizomuua. Lakini wenziwe wapishi walizilaumu waziwazi.

Hizo nyota nazo tuzieleze kwa ufupi, maana vijana wetu wanazitaja kama vyeo vya kijeshi. Michelin ni kampuni ya matairi ya magari. Mwaka 1900 ilianza kutoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari wajue pa kulala na pa kula, ili wasafiri zaidi na matairi yachakae. Nyota zilianza mwaka 1926. Hivyo basi watu wanavunja afya zao kwa ajili ya alama iliyobuniwa na wauza mipira, ingawa tukiri kwamba mpishi aliyeipata haoni kichekesho hapo. Dominique Crenn, Mfaransa mwenye mkahawa San Francisco na mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupewa nyota tatu, mwaka 2018, ndiye aliyeibunia filamu hii vyakula vyake. Kwa hiyo ile sahani isiyo na mkate imebuniwa na mtu wa ndani ya nyumba, na labda ndiyo sababu inauma.

Na kuhusu kazi isiyolipwa, ambayo ndiyo iliyotuleta hapa: mkahawa wa Noma wa Copenhagen, uliotajwa mara kadhaa kuwa bora kupita yote duniani, kwa miaka mingi uliendeshwa kwa msaada wa wanagenzi waliotoka nchi mbalimbali na kufanya kazi bila mshahara. Ulianza kuwalipa mwaka 2022, mwaka uleule wa filamu hii, na Januari 2023 mwenyewe, René Redzepi, akatangaza kwamba namna hiyo ya kuendesha mkahawa haiwezekani tena na kwamba angeiacha. Wapo waliosema kuwa chakula cha namna ile hakiwezi kupikwa iwapo kila mkono unaokipanga unalipwa haki yake. Kama ni hivyo, sisi tunaona kisipikwe.

Turudi kwenye filamu. Tuliizima taa tena.

Slowik anagundua kwamba Margot si miongoni mwa waliostahili kuwapo usiku ule. Anatambua kwamba naye ni mtumishi anayewahudumia watu kwa malipo, mtu wa upande wa jikoni, si wa upande wa meza, na anampa dakika 15 achague afe pamoja na kundi gani. Mengine yanapita kwa haraka: mwenye mtaji anazamishwa baharini akiwa amevishwa mbawa, wageni wanaume wanapewa sekunde 45 za kukimbia na wote wanakamatwa, anakuja askari wa pwani ambaye si askari. Sehemu hiyo ya katikati tuliiona imerefushwa pasipo haja. Mwishowe Margot anatumwa kuleta pipa kutoka bandani, naye anaingia kwa siri katika nyumba ya mpishi ambayo hakuna aruhusiwaye kuingia. Humo anaona picha ya zamani ukutani. Ni Slowik akiwa kijana mdogo, katika duka la baga, amechaguliwa kuwa mfanyakazi bora wa mwezi. Anacheka katika picha. Katika filamu nzima hatujamwona akicheka hivyo.

Margot anarudi mezani, na badala ya kulia au kuomba radhi anapiga kofi moja, kama Slowik apigavyo. Anasema chakula chake hakimpendezi, anakirudisha. Anamwambia kwamba amekaa usiku kucha akiletewa fikra juu ya sahani, na bado ana njaa. Mpishi, kwa mara ya kwanza, anababaika: ana njaa kweli? Ya nini? Anaagiza baga ya jibini, ya kawaida, na chipsi zilizokatwa kwa mawimbi. Bei ni dola 9.95.

Hapo tazameni mikono ya Fiennes. Anasimama mbele ya bamba la moto, anaiweka nyama, anaibana, vitunguu vinalia, jibini linayeyuka, na uso wa mtu yule unalegea. Hakuna anayempigia makofi na hakuna anayeandika. Yupo mtu mwenye njaa, na yupo anayejua kumshibisha. Margot anauma kipande, anamwambia ni kitamu, kisha anasema macho yake yalikuwa makubwa kuliko tumbo, afungiwe kilichobaki aende nacho. Slowik anamtazama kwa kitambo. Anakifunga. Anamwachia atoke.

Waliobaki wanalipa hesabu yao, kwa kadi, kila mmoja. Hilo lilitushangaza kuliko moto uliofuata. Kisha wanavishwa peremende laini nyeupe na kofia za chokoleti, sakafu inanyunyizwa biskuti zilizopondwa, kwa mfano wa kitafunio wanachochoma watoto wa Marekani wakiwa kambini, na Slowik anautia mkahawa moto pamoja na wote waliomo, wapishi wake wakiwa ndani. Margot yuko baharini ndani ya mashua. Anakaa, anaitazama moshi, anamalizia baga yake, na kuufutia mdomo kwa karatasi ya orodha ya vyakula.

Tulikaa kimya. Mwenye nyumba aliuliza kama kuna atakaye visheti.

Jumapili yake tulikwenda kwa yule mama, watatu kati yetu pamoja na mzee. Kijana alitupokea kwa heshima, akatuamkia, akaketi akitazama zulia. Mamake alikuwa na hakika kwamba mwanawe anamhusudu yule mpishi mkuu. Sisi pia tulidhani hivyo. Mzee alimuuliza ni sehemu gani anayoirudia zaidi. Kijana alichelewa kujibu. Kisha akasema ni pale Tyler anapoambiwa apike. Alisema kwamba katika zile wiki 6 hakupika hata siku moja. Alichambua majani kwa koleo dogo, saa 14 kwa siku, jani moja moja, na usiku alipofika nyumbani alisoma vitabu vya wapishi wakubwa mpaka akajua kila kitu, na juzi mdogo wake alipomwomba amkaangie yai, mkono wake ulitetemeka. Aliitazama filamu kila wiki ili ajue kama yeye ni yule.

Mamake aliondoka chumbani kidogo. Tulisikia maji yakifunguliwa jikoni.

Mzee hakumhubiria. Alimwonyesha kovu lililo mkononi mwake, akamwambia lilitokana na nini na mwaka gani, na akamweleza kwamba jikoni zipo kazi njema pia, kwamba yeye mwenyewe aliwalea watoto wanne kwa kisu kile, na kwamba hakuna aliyemfundisha mtu kazi kwa kumnyima ujira. Hilo la ujira tulilifuatilia. Katika nchi hii sheria ya mshahara wa chini imekuwa ikitumika tangu Aprili 1999. Kumjaribu mtu kwa saa chache ili kuona uwezo wake huenda ikakubalika, lakini wiki 6 za kazi hasa si jaribio, ni kazi, na hulipwa. Shirika la Acas hutoa ushauri bure kwa simu, na si lazima mtu awe na mkataba ulioandikwa ndipo asikilizwe. Tunayaandika haya kwa kirefu kwa sababu tulipoulizia katika jumuiya tulipata vijana wengine wawili wenye habari kama hiyo, mmoja kinyozi na mmoja katika duka la mikate, na wazazi wao hawakujua.

Barua imeandikwa. Kijana aliiandika mwenyewe, mzee akaisoma, na mmoja wetu akaipiga chapa; imetaja siku, saa, na kiasi kinachodaiwa. Hadi tunapozipeleka kurasa hizi kwenye mashine ya kunakili, jibu halijafika. Ijumaa mbili zilizopita kijana amekuwa akisaidia jikoni mwa ukumbi wetu, kwenye lile sufuria kubwa la pilau, pamoja na akina mama ambao hawamwiti Mpishi wala hawamwitikii naam. Ijumaa ya kwanza alitia chumvi kidogo mno, wakamwambia. Ya pili hatukuwahi kuionja, kwa kuwa tulichelewa kufika na ilikuwa imekwisha.